Namba Iliyonifunga Mwembesongo

Miaka ile niliyokaa Mwembesongo, pale Morogoro mjini, kitu cha kwanza nilichokiangalia nikiamka hakikuwa saa wala kioo. Ilikuwa namba. Nilifungua kompyuta kabla sijanawa uso, nikaingia kwenye tovuti moja ambayo haina kazi nyingine duniani ila kukuambia mtandaoni unaonekanaje, nikasubiri. Ikija ile namba ndefu yenye nukta katikati na arobaini na moja mwishoni, nilishusha pumzi na kwenda kuchemsha chai. Ikichelewa kuja, hata chai sikuitamani.

Namba hiyo ndiyo anwani ya IP, ile ya umma. Simu na kompyuta za nyumbani kwako kila moja ina namba yake ndogo iliyopewa na ruta, kile kisanduku cha intaneti, na namba hizo hazitoki nje ya nyumba. Za jirani zinaweza kufanana na zako moja kwa moja na hakuna atakayegombana. Lakini ukitoka kwenda mtandaoni, unatoka na namba nyingine, hiyo ambayo walimwengu wanaiona. Tovuti unayoifungua haijui jina lako wala sura yako. Inaijua namba, na majibu inayarudisha huko huko. Mpaka hapo nilikuwa nimeelewa vizuri tu. Kilichobaki sikukiuliza.

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza sauti. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa ikikusanya maongezi ya Kiswahili, mashine inayaandika, halafu watu kama mimi tunasikiliza na kusahihisha pale mashine ilipoboronga. Nilikuwa nimemaliza chuo kule Mzumbe, nimetuma maombi ya kazi mpaka nikaichukia ile sketi yangu ya usaili, na hawa ndio walionikubali. Kazi ililipa pango, ilinunua dawa za macho za mama, na hakukuwa na bosi wa kunikoromea. Ilikuwa na sharti moja kubwa, limeandikwa kwa herufi nene: utafanya kazi kutoka kwenye anwani ya IP uliyoisajili. Ukiingia na anwani nyingine, akaunti inajifunga mpaka wakuchunguze. Ikijifunga tena, hawakuchunguzi. Unakwenda zako.

Nafasi yangu ya kukosea nilikuwa nimeshaimaliza. Nilikwenda kumtembelea rafiki yangu wa chuo aliyebaki Mzumbe, nikajisemea nimalizie faili chache kwa intaneti ya kwake tukisubiri wali uive. Sikumaliza hata moja. Skrini iliniandikia maneno ya adabu sana, na baada ya hapo nikakaa majuma nikiandika barua pepe za kujieleza kama mtuhumiwa, napiga picha kitambulisho changu mbele na nyuma, najipiga picha nimekishika kidevuni. Walipoifungua akaunti niliapa kwamba mimi na kiti changu hatutaachana tena.

Intaneti niliunganishiwa na kampuni ndogo ya hapa hapa mjini, wale wanaofunga antena juu ya bati na kuielekeza kwenye mnara wao. Fundi alishuka kwenye ngazi, akanionyesha ile tovuti, akanisomea namba kwa sauti.

"Dada, hii ndiyo anwani yako," alisema. "Haibadilikibadiliki kama ya simu. Hiyo waandikie hao mabosi wako."

Nje, pembeni ya mlango, serikali ya mtaa ilikuwa imeshagongomelea kibao cha anwani ya makazi, namba ya nyumba na jina la mtaa. Nikaona sasa nimekamilika. Ukuta una namba yake, intaneti ina namba yake, na zote ni za chumba hiki. Nani anauliza kama kibao cha nyumba yake kimebandikwa na kwa watu wengine?

Na tovuti yenyewe ilikuwa inanidokeza kila siku. Chini ya namba huwa inaandika mahali ulipo, na mimi iliniandika niko Dar es Salaam. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilisema hawa nao, wamenipeleka Dar bila nauli. Ingekuwa nina akili iliyotulia ningejiuliza hivi: kama hawaoni tofauti ya Dar na Morogoro, wataonaje kwamba nimenyanyuka kwenye kiti? Lakini akili yangu ilikuwa na woga, na woga haukuniruhusu hata kuuliza.

Chumba changu kilikuwa na dirisha moja linalotazama kusini. Wapangaji wenzangu walinionea wivu, maana milima ya Uluguru ilijaa yote mle dirishani, kutoka ukingo hadi ukingo. Walikuwa wanakuja kuniazima dirisha wapige picha. Kwangu lilikuwa adhabu. Mama yangu alikuwa anaishi kule juu, kwenye mkunjo mmoja wa mlima ninaoujua hata nikifumba macho, na asubuhi za kiangazi niliona mpaka viraka vya mashamba. Ukungu ukishuka nilijua mama amekoka moto mapema. Mvua ikianza kwake, mimi niliiona kabla sijaambiwa. Niliona mahali alipo mama yangu kila siku ya Mungu, na sikuweza kwenda.

Joto la Mwembesongo ni joto la bati. Pembeni kulikuwa na mashine ya kusaga inayoanza kuunguruma asubuhi, kwa hiyo dirisha nililifunga na masikio nikayafunga kwa vile visikilizio vikubwa, nikatoka jasho mpaka shingoni. Humo masikioni watu walikuwa wanatembea. Mmoja yuko stendi anaulizia basi la Iringa, mwingine anabishana bei ya nyanya, mwingine anaelekezwa njia ya kwenda msibani, pita hapo, kunja kushoto. Nilikuwa nasahihisha safari za watu. Kuna siku nilivua visikilizio nikaviangalia kwa chuki ya kweli.

Mambo haya yote ningeyavumilia kama si macho ya mama.

Mama alikuwa na presha ya macho. Daktari alituambia mapema, bila kuzungusha, kwamba macho yaliyokwisha kwenda hayarudi, na dawa ni ya kulinda yaliyobaki. Yalikuwa yanaondoka kutokea pembeni. Kwanza akaanza kugonga vikombe, halafu akawa anageuza kichwa chote kumtazama mtu aliyekaa ubavuni mwake. Na alikuwa na jambo moja alilotaka kulifanya kabla hayajaisha.

Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Shamba lile la mlimani lilikuwa la bibi, likawa la mama, na binti wa mama ni mimi peke yangu. Halina hati. Shamba kama lile unakabidhiwa kwa miguu: mama anamchukua binti, wanazunguka mipaka yote mbele ya majirani wanaopakana nao, na kwenye kila mti wa mpaka wanasimama, mama anasema huu alipanda nani na kwa nini umepinda. Majirani wanasikia, wanaitikia, na tangu siku hiyo hakuna anayekuuliza. Mama alikuwa amezungushwa hivyo na bibi akiwa na mimba yangu. Alipenda kunikumbusha kwamba kwa hesabu hiyo mimi nimeshatembea nusu ya kazi.

"Njoo tuzunguke, mwanangu," alinipigia simu. "Bado naona."

"Shikamoo mama. Nitakuja Jumapili."

"Marahaba. Jumapili shambani hakuingiwi."

Hapo ndipo nilipobanwa. Kampuni ilitaka watu Jumatatu hadi Jumamosi, asubuhi mpaka jioni. Ukikosa siku, mafungu yako ya kazi wanapewa wengine na jina lako linashuka chini kwenye foleni, na walioko chini hawapewi kitu. Siku yangu ya uhuru ilikuwa Jumapili tu. Na mama ni Mkatoliki wa mlimani, wa wale ambao Jumapili hata jembe wanaligeuza lisiangalie mlango. Siku niliyokuwa huru mimi ndiyo siku pekee ambayo yeye hatii mguu shambani.

Nilimbembeleza. Nikamwambia hatulimi, tunatembea tu, Mungu ataelewa.

"Mungu ataelewa," alisema mama, "ila mashahidi hawatakuja. Nao wako misani."

Nilimweleza habari za namba. Nilieleza vizuri, kwa upole, namna ninavyoeleza mambo ambayo mwenyewe nayaogopa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo namba yako ina wivu kuliko mume," alisema. "Mume angalau ukimwambia unakwenda kwa mama yako anakuruhusu."

Jumapili nilikuwa napanda. Pikipiki mpaka inapoishia barabara, halafu miguu, magoti yanalalamika, nafika kanisani misa imeshafika sadaka. Baada ya misa tulikuwa tunakaa mimi na mama kwenye ukuta mfupi nje ya zahanati ya misheni, tunamenya ndizi, yeye ananitajia miti ya mipaka kwa mdomo kwa kuwa miguu imekatazwa. Mti wa kwanza, wa pili, ule wa kwenye jiwe. Mimi naitikia na sishiki chochote, maana shamba halikai kichwani kwa kusikia. Juu ya paa la zahanati, juu ya vichwa vyetu kabisa, kulikuwa na dishi dogo jeupe limeelekea mjini. Nilidhani ni la televisheni, masista waangalie misa ya Roma. Simu yangu niliizima data tangu kwenye pikipiki, isije ikafungua kitu cha kazi kwa bahati mbaya. Saa nane nilikuwa nashuka ili giza lisinikute njiani.

Jumapili zikapita. Nilimwambia mama nitakuja nikipata likizo. Likizo haikuwepo kwenye mkataba ule, wote wawili tulijua, na kila aliponiuliza nilitaja mwezi mwingine. Yeye akaacha kusema "bado naona". Alisema tu "njoo".

Jumanne moja asubuhi, nimeshaangalia namba yangu na chai iko mezani, sista wa zahanati akanipigia. Mama ameteleza shambani. Mguu umevimba, amechomwa sindano, amelala, nisiogope ila nije.

Niliangalia skrini. Fungu la kazi la siku hiyo lilikuwa limeshafunguka, linanisubiri. Nikasema potelea mbali. Nilitia kompyuta kwenye begi kwa mazoea, nikafunga mlango, na kwa mara ya kwanza nilitembea Mwembesongo siku ya kazi mchana kweupe. Nilijisikia mtoro. Mlimani nilipanda haraka mpaka kifua kikaniuma, na njia nzima nilikuwa nimekasirika, na nisingeweza kusema nimemkasirikia nani.

Mguu haukuwa umevunjika. Mama alikuwa amelala kwa dawa, mdomo wazi kidogo, matope yamekaukia kwenye vidole vya miguu. Sista alinipa kiti na chai ya tangawizi. Nikamwambia lazima niwaandikie watu wa kazini kwamba sipo, na data yangu huku inasuasua. Akaniambia kuna wifi, akanisomea pasiwedi kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Kabla ya kuandika chochote vidole vyangu vikafungua ile tovuti kwenye simu. Si kwamba nilitaka kujua kitu. Ni kama mtu anayepapasa funguo mfukoni.

Ikaja namba ndefu yenye nukta katikati. Arobaini na moja mwishoni.

Nilidhani ni ukurasa wa siku nyingine nikiwa nyumbani, umebaki kwenye simu. Nikaufungua upya. Arobaini na moja. Nikazima wifi nikawasha data yangu ya simu, ikaja namba nyingine kabisa, ya kampuni ya simu. Nikazima data, nikarudi kwenye wifi ya masista. Arobaini na moja. Kuanzia tarakimu ya kwanza hadi ya mwisho ilikuwa namba yangu, ile ya kwenye kiti, ya chumba cha bati, niliyoilinda kama mboni ya jicho. Nilitoka nje nikasimama pale kwenye ukuta wetu mfupi wa kumenyea ndizi, nikatazama dishi la televisheni. Likatazama mjini.

"Sista, intaneti hii mnaipata kwa nani?"

Akanitajia. Ni wale wale wa ngazi na antena. Niliwapigia hapo hapo. Alipokea dada mwenye sauti changamfu, nikamuuliza inakuwaje namba yangu ya Mwembesongo iko mlimani.

"Namba hiyo ni yetu, dada," alisema. "Wateja wote mnatokea mlango mmoja. Anayeangalia kutoka nje anawaona namba moja. Wewe, misheni, mashule, wote. Kwani ulikuwa hujui?"

Nilimshukuru. Nilimshukuru vizuri kabisa, kwa sauti ya mtu aliyehudumiwa, nikakata simu.

Halafu nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nikafungua kompyuta. Akaunti ilifunguka kama kawaida, haikuguna wala kuuliza. Fungu la kazi lilikuwepo. Nikabonyeza faili la kwanza, mwanamke mmoja anamcheka mwenziwe kwa sababu amepotea njia ya kwenda kwa mama mkwe. Nilifunga kompyuta nikalia kwa hasira, mkono mdomoni, ili wagonjwa wasidhani nimefiwa.

Mama aliamka alasiri. Sikumwambia. Alinishika mkono kwanza akaupapasa mpaka kwenye kiwiko, akihakikisha ni mimi.

"Nimekuwekea alama," alisema. "Nilikwenda mwenyewe. Nimechana ile khanga yangu ya zamani, nimefunga vitambaa kwenye miti yote ya mpaka. Sasa hutanihitaji. Wewe fuata vitambaa."

Ndiyo kazi aliyokuwa anaifanya alipoteleza. Alikuwa ameniona sina siku, akaamua kuzunguka peke yake kwa macho yale.

Kesho yake asubuhi nilikwenda na mama mdogo, binamu yake mama, tunayepakana naye upande linakotoka jua. Khanga ile niliifahamu, nyekundu yenye maua meusi, ndiyo niliyobebwa nayo. Upande wa chini, kando ya kijito, vitambaa vilikuwa vimefungwa vizuri, kila kimoja kwenye shina la mti, fundo gumu. Nikaanza kupata matumaini. Tukapanda. Kwenye jiwe kubwa kitambaa kilikuwepo. Baada ya jiwe kikaonekana kingine kwenye mpapai, na mimi najua mama hawezi kuuita mpapai mpaka. Kinachofuata kilikuwa kwenye kijiti cha njegere. Kingine kwenye mguu wa kichanja cha kukaushia vyombo. Vilikuwa vinakatiza katikati ya karoti za mama mdogo, safi, kwa mstari, kama mtu mwenye uhakika.

Mama mdogo alisimama, mikono nyuma.

"Sijavifungua," alisema. "Nilisema nikungoje wewe uje uvione."

"Mpaka wenyewe unapita wapi, mama mdogo?"

"Wa chini ni huo huo. Huu wa kwangu naujua, nitakuonyesha, hatutagombana." Akatazama juu, kule shamba linapopanda kuelekea msituni, ambako miti ya zamani imeshakatwa na mingine imeota, na nusu ya mteremko kuna kabichi za watu tusiowazoea. "Wa kule juu alikuwa anaujua mama yako tu."

Nilipanda peke yangu mpaka kule juu. Kulikuwa na visiki vingi na hakuna hata kimoja kilichoniambia kitu. Nilijaribu kukumbuka orodha ya Jumapili, mti wa kwanza, wa pili, wa tatu, na masikio yangu, ambayo kampuni ya ng'ambo iliyalipa kwa umakini wake, hayakuwa yameshika hata jina moja. Kutoka pale juu mji wote ulionekana. Niliona na mnara, mwembamba, umesimama juu ya mabati. Niliuangalia kwa muda, halafu nikashuka.

Vitambaa vya kwenye karoti nilivifungua nikavitia mfukoni. Mafundo yalikuwa magumu kweli, nilitumia meno.

Mama alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mto, uso umeelekea mlangoni.

"Umeviona vyote?"

"Nimeviona vyote, mama."

"Vimekaa sawa?"

"Vimekaa sawa."

Aliitikia kwa kichwa, akaridhika, akajiegemeza ukutani. Nikakaa kwenye kiti nikiwa na mkono mfukoni, nimeshika kile kifurushi cha khanga. Nje wagonjwa walikuwa wanaitwa mmoja mmoja.

"Na namba yako je?" aliuliza kwa utani, sauti yake ile ya kunichokoza. "Umeiacha peke yake mjini, haitalia?"

Uongo mmoja ulikuwa umenitosha kwa siku hiyo.

"Namba iko huku, mama. Ile ile. Iko hapa zahanati, kwenye lile dishi la juu. Ilikuwepo siku zote. Ningeweza kufanyia kazi hapa kwenye benchi, siku yoyote, nikatoka saa ya chakula cha mchana nikaja kwako."

Mama aligeuza kichwa chote kunitafuta, akatazama kidogo pembeni ya pale nilipokuwa.

"Kumbe tungezunguka wote," alisema.